Pilipili Usiyoila

Wahenga walituachia methali isemayo: pilipili usiyoila, yakuwashiani? Maana yake kila mtu anaijua: jambo lisilokuhusu usijitie. Nyuma ya nyumba yangu hapa Shinyanga nina matuta matatu ya pilipili, moja la pilipili kichaa na mawili ya pilipili mbuzi, na kwa kuwa miezi ya kiangazi huku kwetu hudai kumwagilia asubuhi na jioni, nimepata muda wa kuihoji methali hiyo. Je, ni kweli kwamba pilipili haimwashi asiyeila?

Bustani yenyewe inakataa. Mtu akichuma pilipili mbuzi kisha akajifuta jicho, atatambua kuwa ulimi si njia ya pekee. Mama akizikaanga katika mafuta ya moto, hata wa nyumba ya pili hukohoa. Wataalamu wanatueleza kuwa ukali huo hutokana na kitu kiitwacho kapsaisini, nacho hakiunguzi kama moto; huamsha tu neva zile zile zinazotambua joto kali, mwili ukadhani unaungua. Kiumbe asiyejali ni ndege. Yeye humeza pilipili asihisi kitu, akaenda kuangusha mbegu mbali, na ndiyo sababu mche wa pilipili kichaa huota mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Basi anayedai kuwa haimwashi na adai, lakini kwanza atuonyeshe mabawa yake.

Hata hivyo siitupi methali, kwani ina hekima yake. Jirani akiuza ng'ombe wawili anunue pikipiki, au akioa mke ambaye mimi nisingemchagua, hiyo ni pilipili yake. Kijiji ambacho kila mtu anaonja chungu cha mwenzake hakikaliki.

Lakini huku kwetu methali hii imefanya na kazi nyingine. Kwa miaka mingi katika nchi ya Usukuma wazee, hasa wanawake, wamekuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyowaponza wengi ni macho mekundu. Tunajua wekundu huo ulikotoka: ni maisha mazima ya kupuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Bibi huyapikia matumbo ya ukoo, kisha moshi wa chakula hicho unageuzwa ushahidi juu yake. Mauaji hayo hayaanzi na panga. Huanza na mtoto anayeugua, na ramli inayopigwa, na jina linalonong'onwa. Wanaosikia ni wengi. Wakiulizwa baadaye mbona walinyamaza, jibu lao ni ile pilipili.

Ajabu ni kwamba watu hao hao, yowe la wizi wa ng'ombe likipigwa usiku, hutoka wote. Tangu Sungusungu waanze mwanzoni mwa miaka ya 1980, anayebaki kitandani hutozwa faini. Hakuna anayesema kwamba ng'ombe si wake. Kumbe tunajua vizuri kwamba jambo la mmoja laweza kuwa la wote; tatizo ni nani tunayemhesabu.

Nikumbushe habari ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa mikoani Mwanza na Shinyanga, katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi, waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Waziri mwenyewe hakuwa amemgusa mtu. Mwaka 1977 alijiuzulu. Pilipili hakuila, lakini alikubali kuwashwa, na mwaka 1985 taifa hili lilimchagua kuwa Rais.

Kwa maoni yangu, methali yetu inauliza swali kwa mtu asiyestahili. Inaniuliza mimi ninayetazama: je, umeila? Ingefaa kwanza tumuulize yule anayelia: je, uliila kwa hiari yako, au umepakwa machoni? Aliyekula kwa hiari tumwache na kikombe chake cha maziwa. Aliyepakwa na wenzake ana haki juu ya kila mwenye masikio, awe ndugu au mpita njia, awe bibi kizee au mtuhumiwa aliye rumande.

Sidai kwamba ni rahisi. Anayemtetea anayedhaniwa mchawi huweza kudhaniwa naye pia, na msomaji anayeishi kijijini ananielewa. Lakini jina likinong'onwa, ni nafuu kumwendea balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo kuliko kwenda kuzika wiki ijayo. Mazishini nako watu hufuta machoni, wala hakuna aliyekula pilipili.