Je, Kuhesabu ni Kumdhania Ndugu Mabaya?



Katika sharika za ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji na Kibirizi hata Mwamgongo kule kaskazini ya hifadhi ya Gombe, liko neno moja lisumbualo mioyo ya wazee na walimu, nalo hutajwa kwa sauti ndogo tu. Mzee wa kanisa asemapo, "Sadaka na ihesabiwe na watu watatu, tena iandikwe," mara hutokea mtu akanuna na kusema, "Kumbe mwanidhania mwizi?" Na kwa kuwa sisi ni watu wa haya, tusiopenda kumwaibisha mwenzetu mbele za watu, twanyamaza. Sanduku lachukuliwa na mtu mmoja, laenda nyumbani kwake, na hesabu yake yajulikana na yeye na Mungu. Wako hata wanaoleta mafundisho ya Mtume juu ya upendo, katika 1 Wakorintho 13, wakasema mwenye upendo hawezi kumshuku ndugu yake. Basi mwezi huu twataka kuuliza: je, ni kweli kwamba kuhesabu nyuma ya mtu ni kumdhania mabaya?

Swali hili lisingalitusumbua sana kama tungalikumbuka kazi ya mwaloni kwetu. Usiku wa giza vyombo hutoka na taa zao kutafuta dagaa na migebuka. Usiku wa mbalamwezi hukaa pwani, kwa maana taa haina nguvu mbele ya mwezi. Asubuhi samaki huuzwa, gharama hutolewa kwanza, kisha lipo fungu la mwenye chombo na lipo fungu la wavuvi. Hayo yote hufanyika mchana, mbele ya macho ya wote waliokesha majini, wala hatujasikia mwenye chombo akisema ametukanwa kwa kuwa vijana wake walitazama fedha zikihesabiwa. Bali mwenye chombo akienda kuhesabu nyuma ya nyumba, mwezi ukirudi gizani ataona vijana wamekwenda kwa mwingine. Hesabu ya wazi ndiyo iwawekayo pamoja, nao waweza kushika kamba moja usiku bila kinyongo.

Mbona basi jambo lililo heshima mchangani lageuka kuwa tusi mlangoni pa kanisa? Twadhani sababu ni kwamba yule ashikaye sanduku mara nyingi ndiye ashikaye Neno. Twamheshimu kwa ajili ya Neno, nayo heshima hiyo twaitandaza juu ya sanduku pia, kama kitambaa, hata hakuna athubutuye kukifunua. Lakini Neno lilikabidhiwa kwake na Mungu. Shilingi zile zilikabidhiwa kwake na mama auzaye mawese. Hizo ni amana mbili, tena kila moja ina mwenyewe wa kuulizia.

Ujiji wetu una habari moja ya kale ambayo yafaa sana katika neno hili. Mwaka 1871, mwezi wa Oktoba, Daktari Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, amekonda na kuugua, akitumaini kukuta mali aliyopelekewa kutoka Unguja, yaani nguo na shanga, maana hizo ndizo zilizokuwa fedha za bara siku zile. Mali ile ilikuwa imekabidhiwa mtu aitwaye Sherifu ailete. Livingstone alipofika aliona imekwisha. Sherifu alikuwa ameiuza kwa faida yake mwenyewe, akijitetea kwamba kwa uaguzi wake alikwisha kujua kuwa mwenye mali amekufa. Naye Livingstone ameandika jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko hasara yenyewe: mtu yule alikuja bila haya kumpa mkono, na mkono wake ulipokataliwa alikasirika, kama kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Tazameni mambo mawili. La kwanza, Sherifu hakujiambia, "Naiba." Alitafuta kwanza sababu: mwenyewe amekufa, mali haina mtu. Ndivyo afanyavyo kila mtunza mali aangukaye. Sababu hutangulia, mkono hufuata. Mmoja husema, "Nitarudisha mwezi wa mavuno." Mwingine husema, "Nimefanya kazi miaka mingi, nao wananidai nini?" La pili, aliyekasirika kuliko wote alikuwa ndiye mwenye hatia. Hatusemi kwamba kila anunaye akiombwa hesabu ni mwizi, la, wako watu safi walio wepesi wa kuumia moyo. Twasema tu kwamba kununa hakumhakikishii mtu usafi wake, wala wazee wasinyamaze kwa ajili ya uso ulionuna.

Sasa mlinganishe na waliotenda wengine miaka miwili tu baadaye. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, watu wake walibaki na masanduku yake mbali na kila mkubwa, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza. Chuma na Susi wakawakusanya wenzao wote, masanduku yakafunguliwa mbele ya wote ili kila mtu awe na sehemu ya madaraka, naye Jakobo Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaandika kitu kwa kitu. Kisha wakauchukua mwili na mali, mwendo wa zaidi ya maili 1,000, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Susi siku zile alikuwa hajabatizwa bado. Neno hili na litutie haya kidogo sisi tuliobatizwa.

Je, walishukiana? Twaona sivyo. Watu walioshukiana wasingaliweza kusafiri pamoja miezi mingi na mzigo kama ule, wengine wakiugua, wengine wakifa njiani. Waliandika kwa sababu walijua kwamba siku moja mtu asiyewajua atasimama pwani na kuuliza, nao hawakutaka mmoja wao ajibu peke yake. Kumbe daftari lile lilikuwa ngao ya kila mmoja. Nasi twawaambia walimu wetu vijana: mzee akutakiaye mashahidi wawili wakati wa kuhesabu amekupenda kuliko yule akuachiaye sanduku na kukusifu. Siku fedha zitakapopungua, na siku hiyo huja hata kwa sababu ya panya au ya mvua, aliyehesabu peke yake hana wa kumsaidia.

Mtume Paulo naye hakuona ni dharau. Katika 2 Wakorintho 8 twasoma jinsi alivyochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, akataka ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa wafuatane na fedha hizo, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu. Akaongeza kwamba anaangalia lililo jema machoni pa watu pia, si machoni pa Bwana tu. Ikiwa yeye, aliyeitwa na Kristo njiani, hakutosheka kusema, "Mungu anajua," mwalimu wa mtaa atatoshekaje?

Na kwa kuwa sisi ni Walutheri, yafaa tukumbuke mji wa Leisnig katika Saxony. Mwaka 1523 usharika wa huko ulifanya kanuni ya sanduku la pamoja, naye Martin Luther akaiandikia dibaji. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili wa wakuu, wawili wa baraza la mji, watatu wa watu wa mji, na watatu wa wakulima wa mashamba. Sanduku lilikuwa na kufuli nne mbalimbali, na kila kundi lilishika ufunguo wake, hata mkuu asiweze kulifungua bila mkulima. Twapenda sana neno hili la ufunguo wa mkulima. (Wala msidhani mambo yalikwenda laini; baraza la mji lilikataa kutoa mali lililoishika, na Luther alisumbuka sana. Kanuni njema haiwafanyi watu kuwa wema kwa siku moja.)

Hata hapa jambo ni rahisi. Sasa twafika penye ugumu.

Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa letu ulifungwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Shabaha ni njema, lakini nyumba itegemeayo wavu huona njaa mapema. Tuchukue mfano wa mwalimu wa kanisa mwenye sanduku chini ya kitanda, na ndani yake shilingi 40,000 za paa la kanisa. Usiku yuaja mjane na watoto watatu wasiokula tangu jana. Mwalimu afungua sanduku, ampa 10,000. Je, ametenda dhambi au ametenda rehema?

Hatuthubutu kumwita mwizi, na atakayemwita hivyo kwa haraka na ajiulize yeye mwenyewe alimpa mjane yule nini. Hata hivyo twasema, hakutoa sadaka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ndivyo walivyosema wahenga. Lakini moyo wa nani umetoa hapa? Waliotoa fedha zile walizitoa kwa paa, nao hawakuulizwa. Tena mjane atakwenda zake akimshukuru mwalimu, atajiona ana deni kwake, na kumbe mwalimu hakupungukiwa hata senti. Ukarimu wa mali ya wengine una utamu wa namna hiyo: sifa huwa zako na gharama huwa za wenzako. Mara ya pili atakuja ndugu wa mwalimu mwenyewe, naye ana shida ya kweli pia, na ni nani atakayepima?

Lakini hatuwezi kusema mjane alale na njaa mpaka wazee wakutane. Kwa hiyo usharika wenye akili hutenga mapema fungu la maskini, hata likiwa dogo, likae mikononi mwa watu wawili waliopewa ruhusa ya kutoa usiku uleule na kuandika asubuhi. Na kama fungu limekwisha, mwalimu anacho chungu chake mwenyewe, na jirani zake wanavyo vyungu vyao. Bakuli moja la ugali kutoka chungu chake ni sadaka kubwa kuliko zile 10,000.

Hapo yatupasa kusema neno kwa wazee pia. Mwalimu asiyepewa posho yake miezi mitatu, akaachiwa sanduku nyumbani, amewekewa mtego na usharika wenyewe. Akianguka, dhambi ni yake, lakini waliomwekea mtego wasije barazani kuhukumu kana kwamba hawakuhusika. Mlipeni kwanza. Kisha mwulizeni hesabu.

Yako na mambo madogo. Siku ya mnada wa mavuno, kuku na mihogo ya sadaka huuzwa baada ya ibada, nasi tumeona mahali ambapo mkubwa akitaja bei ya chini hakuna athubutuye kuipandisha. Kuku yule ameliwa kwa bei ya yai. Sisi wachungaji ingefaa tutaje bei yetu mwisho, au tusinunue kabisa. Na siku hizi fedha husafiri kwa simu: zamani bahasha ilipelekwa Kigoma kwa boti, na watu wawili walisafiri nayo, sasa michango yaingia katika namba ya mtu mmoja, ikachanganyika na fedha zake za chumvi na sabuni. Mtu yule huenda ni mwaminifu kama Samweli, lakini akifa leo, watoto wake watajuaje ni zipi za kanisa? Usharika na uwe na namba yake wenyewe, na taarifa yake isomwe pamoja na daftari.

Twaulizwa mwisho kama hesabu isomwe hata katika miezi ya ziwa kufungwa, wakati sadaka ya Jumapili ni aibu kuitaja. Twajibu, isomwe vilevile, kwa sauti ileile: shilingi ngapi, mayai mangapi, vibaba vingapi vya maharage. Yuko mtu kanisani aliyetoa yai moja kati ya hayo, naye ana haki ya kulisikia.