Mfupa Usiotwikwa Mzigo



Wengi hudhani ya kuwa mfupa ni kitu kikavu, kama nguzo ya nyumba: ikisha kusimikwa, yakaa vivyo hivyo mpaka ioze. Sivyo. Mfupa u hai. Ndani yake zimo chembe hai nyingi mno, kila moja katika kijumba chake, nazo zashikana kwa nyuzi nyembamba zipitazo katika vijia vyenye maji. Wataalamu huziita osteosaiti. Katika kila chembe 10 za mfupa wa mtu mzima, 9 au zaidi ni hizo.

Kazi yao ni nini? Ni kuusikia mzigo. Mtu akikanyaga chini, au akijitwika mtungi, mfupa wake hupindika kidogo sana, wala mwenyewe hajui. Lakini maji yale husukumwa, na chembe husikia mkondo wake. Ndipo zipelekapo habari kwa chembe nyingine zilizo kama waashi, zije kujenga mahali palipolemewa. Mzigo usipokuja, huzidi kutoa kitu kiitwacho sklerostini, kiwazuiacho waashi. Nao wabomoaji huendelea na kazi yao, mfupa ukapungua.

Julius Wolff, daktari Mjerumani, aliandika mwaka 1892 ya kuwa mfupa hujitengeneza kwa kadiri ya mzigo wake. Baadaye jambo hili lilionekana kwa watu waliokaa miezi mingi angani, mahali ambapo mwili hausikii uzito wake: mifupa ya nyonga zao ilipungua kadiri ya sehemu 1 katika 100 kila mwezi. Chakula walikuwa nacho. Walichokosa ni mzigo.

Katika usharika wetu alikuwako mama mzee. Watoto wake, kwa kumpenda, walimwondolea jembe, na mtungi, hata ufagio. Wakamwambia, "Mama, wewe keti tu." Nami nikawasifu mbele ya watu. Baada ya miaka miwili hakuweza tena kuja kanisani kwa miguu yake. Ndipo nilipotambua kosa langu. Upendo wetu ulikuwa ukimwambia kila siku, "Huhitajiwi," na mwili wake ulilisikia neno hilo.

Walakini mtu asilitumie fundisho hili kuwalemea wanyonge. Chembe hizo zikisukumwa vilevile pasipo kukoma, huacha kusikia; zikipumzishwa, husikia tena. Na askari waendeshwao safari ndefu kwa ghafula huweza kupata nyufa katika mifupa ya nyayo. Basi mzigo na uwe wa kadiri, uongezwe kidogo kidogo, tena uwe na pumziko lake. Muumba wetu aliyetupa kazi ndiye aliyetupa na Sabato.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, atufundisha kusaidiana, tena atukumbusha ya kuwa kila mmoja anao wajibu wake. Mambo haya hayapingani. Enyi wazee wa kanisa na waalimu, msimnyime mzee kazi aiwezayo: atembee mpaka kwa jirani aliye mgonjwa, amwombee. Wala kijana msimwambie angoje mpaka akue. Mpeni mzigo mdogo leo, apate kukua.

Bwana atupe upendo ujuao kutua mzigo, na ujuao kutwika. Amina.