Punda Afe, Mzigo Ufike?

Tarehe 4 Oktoba Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyefariki jioni ya tarehe 3 Oktoba mwaka 1226. Siku hiyo hiyo huadhimishwa katika nchi nyingi kuwa Siku ya Wanyama Duniani. Siku hii haikuanzia kanisani. Mwandishi mmoja wa Ujerumani, Heinrich Zimmermann, aliianzisha mjini Berlin tarehe 24 Machi 1925. Mwaka 1929 ikahamishiwa tarehe 4 Oktoba. Na mwaka 1931 mkutano wa kimataifa wa watetezi wa wanyama, uliofanyika Florence nchini Italia, ukaikubali iwe siku ya dunia nzima.

Tulipoitaja siku hii mwaka jana katika ibada ya nyumba kwa nyumba, mzee mmoja alitikisa kichwa akauliza, "Watu hawajashiba, ninyi mwalilia punda?" Wengi walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini usiku swali lile liliturudia, maana si swali la kuchekwa. Je, huruma kwa mnyama ni anasa ya walioshiba? Na maskini anapolazimika kuchagua kati ya mgongo wa punda wake na chungu cha watoto wake, yatupasa tumwambie nini?

Mithali yetu imekwisha kujibu: punda afe, mzigo ufike. Huisemwa kwa kusifu bidii, nasi tuliitumia mara nyingi darasani kuwahimiza wanafunzi. Lakini kuna jambo lililotutokea huku kwetu Dodoma, ambalo limetufanya tusiitumie tena kwa wepesi.

Kiangazi kimoja, tukiwa tumekwisha kustaafu, tulikutana njiani na kijana tuliyemfundisha zamani. Alikuwa akitoka kisimani na punda wake, akichuuza maji. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Punda hakuwa mkubwa, naye alikuwa amebeba madumu sita. Tukafanya hesabu papo hapo, kama tulivyozoea ubaoni: lita moja ya maji ni kilo moja, dumu moja ni lita 20, basi madumu sita ni kilo 120. Chini ya kamba palikuwa na kidonda kibichi kilichojaa nzi. Tukamkaripia kijana yule mbele za watu, tukamwuliza kama moyo wake ni wa jiwe.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya darasani. Kisha akasema, "Ni kweli, Mwalimu, anaumia. Lakini nikipakia manne, siku inakwisha sijapata unga wa jioni, na wateja hawaongezi hata senti. Basi Mwalimu aniambie, nimpunguzie nani: punda au watoto?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema maneno mawili matatu juu ya huruma, tukaenda zetu. Jioni, tulipokuwa tukinawa miguu, ndipo tulipokumbuka ya kwamba maji yale yaliletwa na punda yule yule. Tena siku mbili kabla yake tulikuwa tumebishana bei na kijana yule hata akatushushia, tukajiona werevu. Kumbe sehemu ya mzigo uliomchubua punda tuliupakia sisi wenyewe.

Usiku ule tulifungua Kitabu cha Kutoka, sura ya 23. Katika mstari wa 5 mtu anaagizwa ya kwamba akimwona punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asipite. Amsaidie mwenye punda kumwinua. Tulikuwa tumeisoma sheria hii mara nyingi, tukidhani ni habari ya kupatana na adui tu. Safari hii tuliona jambo lingine. Sheria haiulizi ni nani aliyezidisha mzigo, wala haimwambii mpita njia asimame na kukaripia. Inamwambia ashike mzigo. Punda aliyeelemewa hainuki mpaka mtu wa pili ashike upande wa pili. Na akisha kuinuka, wawili wamesaidiwa kwa mara moja, mnyama na mwenye mnyama.

Hali kadhalika mstari wa 12 wa sura hiyo unataja pumziko la siku ya saba kwa ng'ombe na punda, pamoja na mtoto wa mjakazi na mgeni. Mungu aliyempa mwanadamu kuwatawala wanyama hakuitenga haki ya mnyama na haki ya mnyonge, bali aliziweka pamoja.

Historia nayo yatufundisha. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza ukatili kwa farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Mwaka 1824 kasisi wa Kanisa la Anglikana, Arthur Broome, aliitisha mkutano mjini London, kikaundwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwa waanzilishi alikuwako William Wilberforce, yule yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Huruma yao haikuwa na vyumba viwili. Broome mwenyewe aligharimika sana, hata mwaka 1826 akatiwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama.

Hata hivyo, haifai tusifu upande mmoja tu. Sheria ile ilimgusa mwenye mkokoteni, lakini matajiri waliendelea kuwinda mbweha kwa mbwa kwa kujifurahisha, na sheria ya kukomesha mchezo huo Uingereza na Wales ilipatikana mwaka 2004 tu. Ni rahisi kuuona ukatili wa maskini, kwa kuwa hufanyika barabarani. Ukatili wa mwenye nafasi umo katika bei anayoitaka na katika starehe zake.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ni vema tuijue. Tena Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao, ambazo huchemshwa huko China kutengenezea dawa. Mzee wetu aliyeuliza juu ya watu wenye njaa na alifikirie hili: punda akitoweka kijijini, maji hayaji yenyewe. Dumu hurudi kichwani kwa mama na binti. Hivyo anayemlilia punda analilia na watu pia.

Na kijana yule je? Tulimtafuta, tukamwomba radhi kwa kumwaibisha mbele za watu. Tukampa gunia kuukuu na sufi, mwenyewe akashona tandiko. Tangu hapo tunalipa bei aliyoitaja kwanza, na majirani watatu wamekubali kufanya vivyo hivyo. Anapakia madumu manne. Hajawa tajiri, na ziko siku ambazo unga haukutosha. Hatuwezi kuficha hilo. Lakini kidonda kimepona, na mahali pake pameota nywele nyeupe. Kila tuzionapo twakumbuka deni letu.

Basi, msomaji mpendwa, Oktoba hii Kasisi atakapotuombea pamoja na wanyama wetu, tusiishie kusema Amina. Yule anayekuletea maji, kuni au mchanga kwa punda, mwulize mzigo wake una uzito gani, kisha utazame ni sehemu ipi uliyoipakia wewe. Ukiiona, ishike.