Zawadi kutoka kwa Mdaiwa

Ukitoka Stellenbosch kwenda Franschhoek, kule Afrika Kusini, barabara hupanda mlima Helshoogte kisha huteremka kwenye bonde la mto Dwars. Huku na huku ni mizabibu iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka, hadi miguuni pa milima. Katikati ya mizabibu hiyo kuna mji mdogo wenye kanisa jeupe na nyumba za kawaida. Unaitwa Pniel. Watalii wengi huupita bila kusimama, maana wanawahi Boschendal, shamba la mvinyo la jirani linalojivunia kuanzishwa mwaka 1685.

Pniel ilianza mwaka 1843 kama kituo cha misheni kwa ajili ya watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Wamiliki wa mashamba wa bonde hilo walitoa ardhi. Akaja mmisionari kijana, Stegmann. Pakajengwa kanisa na shule, na familia zikapata viwanja vya kujenga nyumba na kulima bustani. Ukisoma masimulizi ya mji huu, kitenzi kimoja kinajirudia: walipewa. Walipewa ardhi, walipewa shule, walipewa mwanzo mpya. Ni masimulizi mazuri, na matukio yake ni ya kweli. Kinachonisumbua ni hicho kitenzi.

Aliyepewa anatakiwa kushukuru. Asiyeshukuru tumeshamwekea methali: shukrani ya punda ni mateke. Lakini pia tunasema dawa ya deni ni kulipa, na aliyelipwa haki yake hapigi magoti. Methali hizi mbili zinaishi kwa amani, kila moja mahali pake, mpaka siku mtu mmoja anapokuwa mdaiwa wako na mfadhili wako kwa pamoja, tena kwa kitu kilekile. Siku hiyo unafuata ipi?

Tulitazame kwanza deni lenyewe. Jan van Riebeeck alifika rasi ya Cape mwaka 1652 kwa niaba ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Mwaka 1658 zilitia nanga meli mbili zilizoleta watumwa kwa mamia kwa mara ya kwanza. Februari 1659 van Riebeeck akaandika katika shajara yake kwamba zabibu za Cape zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza. Watumwa na mvinyo viliingia katika historia ya nchi ile vikiwa vimepishana kwa mwaka mmoja, na havikutengana tena kwa muda mrefu. Ardhi iliyopandwa mizabibu nayo haikuwa tupu: Wakhoikhoi walikuwa wakichunga ng'ombe na kondoo wao huko tangu zamani.

Hadi biashara ya kuingiza watumwa ilipopigwa marufuku mwaka 1808, watu wapatao 63,000 walikuwa wamepelekwa Cape kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za Waholanzi zilifika hata pwani ya Waswahili kutafuta watu wa kununua. Walipofika kule wengi walivuliwa majina yao. Bwana aliyeona uvivu wa kufikiri alimwita mtu kwa jina la mwezi, na ndiyo maana hadi leo katika majimbo ya Cape utakutana na familia za akina February, April na September. Nyuma ya jina kama hilo kuna mtu aliyekuwa na jina lingine, pengine jina ambalo sisi tungeweza kulitamka bila taabu.

Utumwa ulifutwa kisheria katika koloni hilo tarehe 1 Desemba 1834. Hata hivyo, walioachiwa walilazimika kuendelea kuwatumikia mabwana zao kwa miaka minne zaidi bila ujira, kwa jina la "uanagenzi". Watu ambao baba zao walilima mizabibu ile, na babu zao pia, walihesabiwa kuwa wanajifunza kazi. Uhuru kamili ulikuja tarehe 1 Desemba 1838.

Fidia ilitolewa, lakini kwa waliowamiliki. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa katika makoloni yake, na wakulima wa Cape walipata fungu lao. Waliotumikishwa hawakupata hata peni moja. Sehemu kubwa ya fedha hizo zilikuwa za mkopo, na mwaka 2018 Hazina ya Uingereza ilieleza kwamba mkopo huo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Kwa muda wote huo kulikuwa na daftari, na kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha deni linalipwa. Deni la pili, lile la mtumwa kwa bwana wake, halikuandikwa popote. Na deni ambalo halikuandikwa lina tabia moja: siku mdaiwa akitoa chochote, huonekana ametoa kwa moyo wake.

Hivyo ndivyo ardhi ya Pniel ilivyogeuka kuwa zawadi. Ilitoka kwa tabaka lililokuwa limekula jasho la watu kwa vizazi. Tena ilikuwa zawadi yenye faida kwa mtoaji. Wenye mashamba walikuwa na hofu kwamba watu huru wangehamia mijini na mizabibu ingekosa mikono. Kijiji cha misheni katikati ya mashamba kiliwaweka wafanyakazi karibu. Mtu alikuwa na nyumba na bustani, lakini bustani haikutosha kulisha familia mwaka mzima, kwa hiyo alfajiri aliamkia shamba lilelile la jana.

Niliwahi kuyaeleza haya darasani, katika somo letu la falsafa ya maadili, na mwenzetu mmoja akanipinga kwa hoja ambayo sijaisahau. Alisema: "Wewe unapima nia za watu waliokufa. Wenye mashamba wangapi wa Cape hawakutoa hata shubiri moja ya ardhi? Hawa walitoa. Mtu akikupa maji una kiu, humwulizi kisima kilichimbwa na nani." Akaongeza kwamba kumnyima shukrani mtu aliyefanya jema dogo, kwa sababu hakufanya jema kubwa, ni kuwafundisha wengine wasifanye lolote.

Hoja hii ni nzito na siwezi kuipuuza. Kwa mama aliyekuwa na watoto wanne na hana pa kulala, kiwanja cha Pniel kilikuwa kiwanja, na paa lilizuia mvua hata kama aliyelitoa alikuwa na hesabu zake. Nakubali pia kwamba karibu kila jema tunalolijua lina nia zilizochanganyika. Tukingoja mkono safi kabisa ndipo tushukuru, hatutamshukuru hata mama mzazi.

Lakini mfano wa maji unaruka jambo moja. Je, kama aliyekupa maji ndiye aliyekunyang'anya kisima? Hapo swali la nani alikichimba si la kiherehere tena. Ndilo swali lenyewe, kwa sababu jibu lake linaamua kama kesho utakwenda kisimani kwa haki yako au utakwenda kuomba.

Hapa ndipo tofauti ya deni na zawadi inapoacha kuwa ya maneno. Aliyelipwa deni anaondoka, na wakikutana tena na mdaiwa wake wanatazamana usawa. Aliyepewa zawadi anabaki na uhusiano: anatarajiwa kuwa mwema na kutomwudhi mtoaji. Deni lina kiasi, zawadi haina. Mdai anaweza kusema "bado", ilhali mpokeaji wa zawadi akisema "bado" anaitwa mlafi.

Mashamba ya mvinyo ya Cape yaliielewa tofauti hii vizuri mno. Kwa vizazi vingi wafanyakazi waligawiwa mvinyo kwa kikombe, mara kadhaa kwa siku, kama sehemu ya maslahi yao. Utaratibu huo uliitwa dop. Mara nyingi ulikuwa mvinyo hafifu, usiofaa kuuzwa. Ujira ulibaki mdogo, na kikombe kikahesabiwa kuwa ukarimu wa bwana. Sheria ilikuja kuupiga marufuku utaratibu huo katika miaka ya 1960, lakini kwenye baadhi ya mashamba uliendelea kwa miaka mingi baadaye. Matokeo yake yanaonekana leo hospitalini na madarasani: maeneo ya mvinyo ya jimbo la Western Cape yana viwango vya juu kabisa duniani, kati ya vilivyowahi kupimwa, vya watoto waliozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni mwa mama zao. Watoto hao wanabeba sehemu ya ujira wa babu zao uliolipwa kwa jina la hisani.

Sijasema ardhi ya Pniel ni sawa na kikombe cha dop. Ardhi ilijenga, kikombe kilibomoa, na watu wa Pniel waliitumia ardhi ile kusomesha watoto na kusimamisha jamii inayojiheshimu hadi leo. Ninachosema ni kwamba vyote viwili vilipita mlango mmoja: haki ya mtu ilimfikia ikiwa imeitwa jina jingine.

Mwanafalsafa wa Roma, Seneca, aliyemiliki watumwa na pia mashamba ya mizabibu huko Nomentum, aliandika kitabu kizima juu ya fadhila. Humo aliuliza kama mtumwa anaweza kumfadhili bwana wake, na akajibu kwamba anaweza, pale anapotenda zaidi ya anavyolazimika. Kwa zama zake lilikuwa jibu la ujasiri. Mtu anaweza kuligeuza na kusema basi wafadhili wa kweli wa bonde la Dwars ni wale watumwa, kwa kuwa ndio waliolipa dunia mvinyo wake. Inapendeza kusikia hivyo, lakini si kweli. Kilichochukuliwa kwa mjeledi hakikutolewa, na tukikiita zawadi tutakuwa tumerudia kosa lilelile tukiwa na nia njema.

Watu wa pwani wana mpangilio ulio wazi zaidi. Wanatofautisha sadaka na zaka. Sadaka hutoka kwa hiari ya mtu. Zaka ni wajibu: ni fungu la maskini lililomo ndani ya mali ya tajiri, na kwa kuwa ni haki yake, tajiri akilitoa hajamfanyia maskini hisani, amekabidhi tu kisicho chake. Maskini anaweza kusema asante, kwa kuwa ni adabu njema. Lakini asante ya adabu si sawa na asante ya mtu aliyekombolewa, na hakuna anayeruhusiwa kumdai.

Hata jina la mji lina hadithi inayoliangazia swali hili kuliko vitabu vyangu vya darasani. Pniel ni Penieli ya kitabu cha Mwanzo, mahali ambapo Yakobo alishindana usiku kucha na mgeni asiyemjua akatoka akichechemea. Tunaikumbuka mieleka tukasahau kwa nini Yakobo alikuwa njiani. Alikuwa anakwenda kukutana na kaka yake Esau, ambaye miaka mingi nyuma alimwibia baraka ya baba yao. Naye alikuwa ametanguliza zawadi: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda kwa mamia. Ilikuwa zawadi kutoka kwa mdaiwa.

Tazama jinsi mkutano ulivyokwenda. Anayeinama ni mtoaji, tena mara saba mpaka chini, akimwita kaka yake bwana. Esau anakataa kwanza, akisema anavyo vingi. Yakobo anambembeleza, na katikati ya kubembeleza anabadilisha neno. Anaacha kusema zawadi, anamwomba aipokee baraka, neno lilelile la kitu alichomwibia. Esau anapokea. Maandiko hayasemi kwamba alishukuru. Baadaye kila mmoja akashika njia yake.

Huko Cape kuna waliojaribu kulitaja deni kwa jina lake. Katika shamba la Solms-Delta, si mbali na Pniel, mmiliki Mark Solms alichimbua historia ya shamba lake katika miaka ya 2000, akaweka makumbusho yenye majina ya watumwa waliolitumikia, na mfuko wa wafanyakazi na wakazi ukapata hisa katika biashara. Baadaye biashara hiyo ilielemewa na madeni ya benki. Wengine walitumia kuanguka huko kuonyesha kwamba mambo haya hayawezekani. Mimi naona kwamba shamba kushindwa kujiendesha hakufuti hesabu ya karne mbili, kama vile mtu kufilisika hakuwafanyi aliowakopa waache kumdai.

Kwa hiyo, mjukuu wa Pniel aseme nini juu ya ardhi ya mwaka 1843? Nadhani Kiswahili kina neno linalomtosha: nimepokea. Mtu akikulipa sehemu ya anachodaiwa, humtukani wala humbusu mkono. Unaandika stakabadhi: tarehe, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki. Stakabadhi inamtendea haki hata yule mlipaji wa kwanza ambaye mwenzangu darasani alimtetea, kwa sababu inatambua kwamba alilipa wakati wengine walikaa kimya. Na inaacha wazi mstari wa mwisho, ule wa kiasi kilichobaki, ili anayekuja baadaye na chupa ya mvinyo mkononi aweze kuusoma.