Hoja ya Elihu Ufukweni

Katika Kitabu cha Ayubu, kijana Elihu ananyamaza muda mrefu kwa kuwaheshimu wazee. Akifungua kinywa, anawapinga: wingi wa miaka hauleti hekima.

Ufukweni Homa Bay, mwili nao unauliza kama umri huleta hekima. Kando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo hukithiri utotoni na ujanani, kisha hupungua ukubwani hata kwa watu ambao bado wanaingia majini. Ni rahisi kusema umri umewakomaza.

Waosha magari wa Kisumu walilitia doa jibu hilo. Hawa ni watu wazima wanaosimama ziwani kutwa, wakitibiwa na kuambukizwa tena na tena. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walikawia zaidi kuambukizwa upya. Wengine waliendelea kuugua vilevile. Kwa waliokuwa na virusi vya ukimwi, wingi wa seli za kinga za CD4 ulikuwa na uzito katika jambo hili. Maelezo yanayokubalika ni kwamba dawa inapoua minyoo, mwili huona sehemu za minyoo hiyo zilizokuwa zimefichika, na seli za kinga hujifunza. Kwa hiyo kilichowafunza ni minyoo iliyokufa ndani yao. Elihu angelipenda jibu hili.

Kibofu kinaleta ubishi mwingine. Watafiti wa Marekani walikuta vibofu vya panya majike wazee vimejaa mafundo ya seli za kinga, ambayo panya wachanga hawana. Ulinzi umeongezeka, lakini umekuwa uvimbe usiotulia. Mafundo ya aina hiyo yameonekana pia kwa wanawake wazee wanaosumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) ya kujirudia.

Tena kinga haifuati miaka tu; inafuata pia saa. Usiku seli za kinga ziitwazo limfosaiti huongezeka kwenye damu, mchana hupungua. Vimelea navyo vina ratiba: mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono zaidi jua likiwa kali, wakati akina mama wanafua na watoto wanaogelea. Huko Kwale, kwenye kichocho cha mkojo, wahudumu hukusanya mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai huwa mengi.

Basi bibi wa Mbita anayeambiwa kliniki kwamba maumivu yake “ni uzee tu” ana haki ya kuuliza: uzee upi? Wa miaka, wa magonjwa aliyoyapitia, au wa kinga isiyojua kupumzika? Kila uzee una dawa yake.