Kifo cha Wengi ni Harusi

Mwaka 2024 timu ya besiboli ya Chicago White Sox ilifungwa michezo 121 kati ya 162. Tangu mwaka 1901, ambapo wanahistoria wa mchezo huo huanza kuhesabu zama mpya, haijatokea timu ya ligi kuu ya Marekani iliyofungwa mara nyingi kiasi hicho. Aibu hiyo ilikuwa mikononi mwa New York Mets kwa miaka 62. Walipigwa mara 120 mwaka 1962, lakini wao walikuwa na udhuru, maana timu ndiyo kwanza ilikuwa imeanzishwa. White Sox wana umri wa zaidi ya karne, na miaka mitatu tu nyuma walikuwa wameongoza kundi lao.

Anayejua mpira wa miguu peke yake hawezi kuipima adhabu hii sawasawa. Simba au Yanga ikifungwa Jumamosi, shabiki wake ana siku kadhaa za kuuguza moyo, kumlaumu mwamuzi na kupanga kikosi kipya kijiweni. Besiboli huchezwa karibu kila siku, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na mgeni akija mjini hukaa siku tatu au nne akicheza na mwenyeji yule yule. Unafungwa Jumanne usiku, unaamka, unakwenda kazini kuchekwa, na jioni unafungwa tena na watu wale wale. White Sox walianza msimu kwa kushinda mara 3 na kufungwa mara 22. Mwishoni mwa Mei wakaanza mkururo wa vipigo 14. Toka tarehe 10 Julai mpaka 5 Agosti wakafungwa mara 21 bila kupumua. Walipopata ushindi mmoja kule Oakland siku iliyofuata, watu walishangilia kama waliochukua kombe. Siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akafukuzwa, na kabla Agosti haijaisha mkururo mwingine, wa vipigo 12, ukawa umeanza.

Mtu wa kwetu akisikia habari kama hizi jibu lake liko mdomoni: subira yavuta heri. Naiheshimu methali hiyo, ila naona tunaipeleka pasipo pake. Chukua nduguye, mvumilivu hula mbivu. Wahenga walipoisema walikuwa wakizungumza na mwenye mti, mtu aliyepanda, akapalilia, na ambaye matunda yakiiva ni yake. Shabiki hana mti. Hasajili mchezaji, hapangi mshahara, hamwajiri kocha wala hamfukuzi. Ukimwambia avumilie umemwambia akae chini ya mwembe wa jirani aangalie juu. Tena wanaopenda kumhubiria subira mara nyingi ndio hao hao wanaomuuzia tiketi.

Methali inayomfaa ni nyingine: kifo cha wengi ni harusi. Wapo wanaodhani ni maneno ya mtu asiye na huruma. La, ni maneno ya mtu aliyezika sana. Jambo likimpata mmoja humvunja. Likiwapata wengi kwa pamoja, hupata wa kupika, wa kuteka maji, wa kutandika mikeka na wa kuchekesha. Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu bila yeye siwezi kuwaelewa mashabiki wa White Sox, watu wa kusini mwa Chicago.

Tanzania tunamjua kwa jina la mtani. Msiba ukitokea, mtani wa ukoo hufika akiwa na ruhusa ambayo hana mtu mwingine pale. Ataiga mwendo wa marehemu alivyokuwa akichechemea. Atavaa koti lake. Atalalia njia jeneza lisipite mpaka alipwe, na mjane aliyelia tangu alfajiri atajikuta anacheka huku kamasi zikimtoka. Mgeni huona kufuru. Wenyeji wanajua kwamba mtani ndiye aliyewasaidia kuvuka siku ile. Wala si ajabu kwamba Simba na Yanga tukawaita watani wa jadi. Aliyelibuni jina hilo alikuwa anajua kwamba kufungwa nako ni msiba mdogo.

Sasa tazama majukwaa ya White Sox mwaka ule. Watu walikuja wamejivika mifuko ya karatasi vichwani, wametoboa matundu mawili ya macho, kana kwamba wanaona haya kutambulikana. Uwanjani paliuzwa milksheki ya chokoleti yenye vipande vya biskuti juu yake, na mashabiki wakaisifu kuliko mchezaji yeyote. Ukiwa mbali utasema hawa wameshaichoka timu. Lakini mfuko wa karatasi haumsaidii aliyebaki nyumbani kwake. Aliyeuvaa amekata tiketi, amepanda treni mpaka mtaa wa 35, na ameketi mpaka mwisho. Hapo ndipo penye tofauti ya mtani na mzomeaji. Mtani hucheka akiwa ameshika jembe, na kaburi likichimbwa utamkuta ndani yake. Mzomeaji hucheka akiwa barabarani, akipita.

Utani una mipaka yake pia, na mwishoni mwa Septemba watu hao waliifikia. White Sox walikuwa wamekwishafungwa mara 120, sawa na wale Mets, na walibakiwa na michezo mitatu nyumbani dhidi ya Los Angeles Angels. Wengi walikuja waziwazi kushuhudia kipigo cha 121. Jioni ya kwanza, tarehe 24, mambo yalikwenda kama walivyotazamia: mpaka awamu ya nane kati ya tisa wageni walikuwa mbele kwa 2 kwa 0. Ndipo timu iliyofungwa msimu mzima ikazinduka, ikapata pointi tatu na kushinda, huku majukwaani watu wakipaza sauti kumtaka mmiliki aiuze. Kesho yake wakashinda. Keshokutwa wakashinda tena.

Je, ni usaliti kutamani timu yako ifungwe ili rekodi itimie mbele ya macho yako? Nimelifikiri sana swali hili na siwezi kuwahukumu kwa ukali. Aliyemuuguza mgonjwa tangu Machi hapendi kukosa kuwapo saa ya mwisho. Ila vijana waliokuwa wakikimbia pale uwanjani hawakununua timu, hawakuivunja, na wengine walikuwa wamepandishwa kutoka ligi ndogo siku si nyingi. Mzee mwenye busara angewaambia mashabiki: tanieni mwenye nyumba, msimtanie mtoto aliyetumwa dukani.

Na mwenye nyumba alitaniwa kweli. Jerry Reinsdorf ameongoza umiliki wa timu hiyo tangu 1981, na chini yake ndipo lilipopatikana kombe la 2005, la kwanza tangu 1917. Hilo ni deni la shukrani na si dogo. Lakini shukrani haimzibi mtu mdomo kwa miaka ishirini. Kwenye utani wetu ndipo mdogo hupata nafasi ya kumwambia mkubwa jambo ambalo barazani angechapwa kwalo, na kelele za “uza timu” zilikuwa za namna hiyo: mzaha kwa sura, madai kwa ndani. Kuna jambo lingine la kuchekesha kwa uchungu. Ligi za Marekani hazina kushuka daraja. Anayeshika mkia hupewa kipaumbele katika kuchagua vijana wapya. White Sox hata kifuta machozi hicho walipunguziwa, kwa kuwa kanuni hairuhusu timu za miji yenye fedha kupata nafasi za juu katika bahati nasibu ya kupanga zamu za kuchagua miaka miwili mfululizo. Wakachagua wa kumi.

Kipigo cha 121 walikwenda kukipata ugenini Detroit, tarehe 27. Usiku huo huo Detroit Tigers walikuwa wanashangilia kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika miaka kumi. Tigers hao ndio waliofungwa mara 119 mwaka 2003, na miaka mitatu baadaye wakacheza fainali. Mets wa 1962 nao walitwaa ubingwa mwaka 1969. Sitaji hayo ili nirudi kuhubiri subira kwa mlango wa nyuma. Nayataja kwa sababu wazee walioyaona walikuwapo majukwaani kuyasimulia, na simulizi hizo zina uzito kuliko ahadi za viongozi.

Upande wa pili wa mji huo huo, Chicago Cubs walikaa bila ubingwa tangu 1908 mpaka 2016. Walipoukaribia, watu walikwenda na chaki kwenye ukuta wa matofali wa uwanja wa Wrigley Field wakaandika majina ya baba, bibi na wajomba waliokufa bila kuiona siku ile. Aliyeshuhudia ushindi alishuhudia na kwa niaba ya marehemu wake. Ukishafahamu hilo, huulizi tena kwa nini mtu hahami timu inayofungwa: atamwachia nani babu yake?

Mwaka 2025 White Sox walishinda 60 na kufungwa 102. Kwingine hiyo ni fedheha. Pale iliitwa ahueni. Mwaka huo pia alichaguliwa Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago na shabiki wao wa siku nyingi, ambaye kamera zilimnasa majukwaani kwenye fainali ya 2005. Kwa hiyo dua zipo, wachezaji ndio bado. Pia yalitangazwa makubaliano ya kumwezesha mwekezaji Justin Ishbia kuja kuichukua timu, lakini si kabla ya 2029.

Shabiki atakayeweka fedha yake ya tiketi mfukoni mpaka mwaka huo simwiti msaliti, wala anayekwenda kila jioni simwiti mjinga. Hao wawili ni wafiwa wa nyumba moja na wana haki ya kutaniana. Wa kumwekea kiti nyuma kabisa ni yule atakayejitokeza siku ya kombe, na kofia mpya kichwani, akiapa kwamba alikuwapo tangu mwaka wa vipigo 121.