Je, Imani Hurithiwa?

Mzazi aweza kumwachia mwanawe shamba, nyumba na jina. Mambo hayo matatu humfikia mrithi hata akiwa usingizini. Hayangoji ridhaa yake. Swali letu ni kama imani nayo yaweza kuachwa hivyo. Wazazi Wakristo wengi hudhani kuwa yaweza. Mtoto hubatizwa angali mchanga, hupewa jina la mtume au la nabii, hufundishwa kufumba macho kabla ya kula, na toka hapo huhesabiwa kuwa Mkristo kama anavyohesabiwa kuwa Msambaa. Siku akikataa kwenda kanisani, wazazi hushangaa kama watu walioibiwa.

Mshangao huo husahau mambo yaliyopita. Katika milima ya Usambara Ukristo haukuingia kwa urithi. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo, upande wa Lushoto, mwaka 1891. Waliowasikiliza hawakuwa na baba wala babu Mkristo wa kumwiga. Kila aliyeamini katika kizazi kile aliiacha, kwa sehemu kubwa au ndogo, njia ya wazee wake. Mwaka 1896 yalianzishwa makao ya Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Hao hawakuwa hata na mzazi karibu wa kumtii au kumwasi. Imani haikuwafikia watu wale kwa njia ya damu. Basi jambo tunalotaka leo kulirithisha kwa amri lilianza kwa hiari ya watu ambao, machoni pa wazee wao, huenda walikuwa wakaidi. Kitukuu akiuliza kwa nini yule wa kwanza aliruhusiwa kuchagua na yeye hakuruhusiwa, atajibiwa nini?

Wapo wasemao kuwa jibu ni jepesi: mtoto aachwe bila mafundisho mpaka awe mtu mzima, ndipo achague. Rai hii yavutia, lakini haisimami. Hapana mzazi asiyefundisha. Anyamazaye juu ya Mungu amekwisha kufundisha kwamba Mungu si jambo la kuzungumzwa. Mtoto hachagui lugha yake ya kwanza, wala hadhulumiwi kwa kusemeshwa Kisambaa. Angedhulumiwa kama asingesemeshwa lugha yoyote. Aliye na lugha moja aweza kujifunza ya pili na kuzilinganisha. Asiye na hata moja hana kitu cha kuchagulia.

Kati ya amri na kimya iko njia ya tatu, nayo wakulima waijua. Katika Zirai na vijiji vya jirani, mashariki ya milima hii, hulimwa iliki. Mmea huu hauvumilii jua kali. Husitawi chini ya kivuli cha miti mikubwa. Hauna haraka pia, kwa kuwa mkulima hungoja kama miaka mitatu kabla ya kuona mavuno. Mti mkubwa hauuamuru mche kukua. Huukinga na jua, na majani yake yaangukayo huwa mbolea.

Kivuli cha mtoto ni siku za kawaida za nyumba yake. Baba atokaye kusali asubuhi na kuchanganya iliki mbichi na kavu ili mzani uzidi, ametoa mahubiri mawili kwa siku moja. Mtoto atashika la pili, maana ndilo alilolishuhudia kwa macho. Mama amwombaye binti yake radhi kwa adhabu isiyo ya haki amefundisha toba kuliko masomo mengi. Tena, katika milima hii jamaa moja aghalabu huwa na Wakristo na Waislamu: mjomba huswali msikitini, shangazi huimba kwaya. Mtoto husikiliza yasemwayo juu ya mjomba baada ya mgeni kuondoka. Hapo hupima kama upendo uliohubiriwa Jumapili wafika mpaka jikoni.

Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, vichwa vya sehemu zake vilieleza jinsi mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kitabu hicho hakikukusudiwa mimbari peke yake. Kilikusudiwa pia meza ya chakula. Mzazi ampelekaye mtoto kwa mwinjilisti na kudhani kuwa kazi imekwisha, amemkabidhi mwingine mzigo wake mwenyewe. Lakini kanisa lilo hilo limeweka kipaimara, siku ambayo kijana husimama na kukiri kwa kinywa chake ahadi zilizotolewa kwa niaba yake alipokuwa hawezi kusema. Maana ya desturi hii ni nzito. Yakubali kwamba sauti ya mzazi ina mwisho, na kwamba malezi yote ni maandalizi ya siku ambayo sauti hiyo itanyamaza ili nyingine isikike.

Na sauti hiyo ya pili ikisema hapana? Hili ndilo jaribu ambalo mzazi huliogopa, wala hapana malezi yawezayo kuliondoa. Methali yasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli katika adabu na kazi. Lakini samaki aliyekunjwa hukauka katika umbo alilopewa kwa kuwa amekufa, na mtoto yu hai. Mzazi amfungiaye mlango mwana aliyekataa, amemthibitishia kwamba upendo wa nyumba ile ulikuwa na bei. Mzazi amwachiaye mlango wazi bila kuficha huzuni yake, wala kuikana imani yake, amefundisha somo la mwisho na kubwa kuliko yote yaliyotangulia: kwamba anayependwa hanunuliwi.

Kwa hiyo imani si mali ya urithi, ingawa hupitia katika mikono ya wazazi. Shamba hugawanywa baada ya mwenyewe kufa. Imani, kama yatolewa, hutolewa kila siku wakati mtoaji angali hai na aonekana. Na mpokeaji hubaki na haki ya kunyosha mkono au kuurudisha.